Intavyuu ya feloshipu ya figo: wakiniuliza kuhusu "mgonjwa msumbufu" nijibuje?

Daktari_Mchovu

Wakuu habari za jioni. Najua humu madaktari na manesi mpo wengi mnasoma kimya kimya, leo naomba mfungue midomo.

Mimi ni bingwa wa magonjwa ya ndani, nipo hospitali moja ya rufaa huku Tanzania na muda mwingi nashinda kitengo cha kusafisha damu. Nimeitwa intavyuu ya ubingwa bobezi, feloshipu ya nefrolojia, Nairobi, Alhamisi ijayo saa 4 asubuhi, ya mtandaoni, yaani wao wanne kwenye skrini na mimi peke yangu na bando langu. Maswali ya figo zenyewe siyaogopi, mambo ya sodiamu hata ukiniamsha usiku nakujibu. Kinachonitoa jasho ni lile swali la "tuambie siku uliyokutana na mgonjwa msumbufu na ulifanya nini". Mwaka jana niliulizwa hilohilo sehemu nyingine nikajibu kwamba mimi ni mvumilivu na huwa namsikiliza mgonjwa, mwenyekiti akasema asante sana daktari, akaangalia saa. Sikupata.

Safari hii nimeandaa kisa kabisa. Nakiweka hapa mnikosoe bila huruma:

"Tulikuwa na mgonjwa wa miaka 58, figo zimefeli, anatakiwa mashine mara 3 kwa wiki, masaa 4 kila mara. Alikuwa anakuja mara 2, anachelewa, anagombana na manesi, anagoma kupimwa uzito. Siku moja akaja potasiamu ya damu ikiwa 7.1, kiwango cha kusimamisha moyo. Nilikaa naye nikamweleza kwa upole madhara ya kuruka mashine, akaelewa, na tangu hapo akawa anahudhuria vizuri. Nilijifunza umuhimu wa mawasiliano mazuri."

Inatosha au niongeze chumvi? Halafu Kiingereza changu si kibaya ila nikipaniki kinanikimbia.

mzee_wa_kejeli

Waambie ukweli tu mkuu, kuna wagonjwa wakorofi na dawa yao ni kuwaandikia rufaa wakasumbue mbele ya safari. Utapewa nafasi hapohapo.

KitiChaPaneli

Daktari hongera kwanza kwa kuitwa, si wengi huitwa. Mimi niko huku Kenya na nimeketi ule upande mwingine wa meza mara kadhaa, si hiyo paneli yako lakini, kwa hivyo usinijie inboksi.

Wacha nikuambie vile tunasikia hiyo stori yako. "Nilimweleza akaelewa", hapo mimi naweka kalamu chini. Mtu ambaye ameunganishwa na mashine miezi mingi, ameona wenzake wa kiti cha kando wakikosa kurudi, huyo hakukosa kuelezwa. Anajua kukuliko. Kwa hivyo ama hukumuuliza kwa nini haji, ama ulimuuliza na umetuficha. Yote mawili ni mabaya.

Swali hilo watu hudhani ni la mgonjwa. Mgonjwa hatumjui na hatutamwona. Tunachosikiza ni vile unamwongelea mtu ambaye hayuko hapo kujitetea. Nimeona daktari mwenye karatasi nzuri kabisa akisimulia mgonjwa wake huku anacheka, ati "huyo mama alikuwa ananipigia simu kila siku hadi usiku", akatuangalia akingoja tucheke naye. Hatukucheka. Mwingine alisema katika miaka yake yote hajawahi kupata mgonjwa mgumu. Huyo naye tulishindwa tumuulize nini tena.

Kitu kingine ambacho kwa figo hasa ni lazima kitoke mdomoni mwako mapema kabla hujaingia kwa mambo ya hisia: je, huo ukali ni tabia ama ni ugonjwa? Urea, ile taka ambayo figo hushindwa kutoa kwa damu, ikipanda sana mtu anachanganyikiwa. Sukari ikishuka anatukana. Oksijeni ikipungua kwa sababu maji yamejaa mapafuni hatulii kitandani na wewe unaandika "hashirikiani". Wale wa nefrotiki, figo zinazovujisha protini, mnawapa predinisoloni, dawa ya steroidi, dozi kubwa halafu mnashangaa amekuwa mkali, halali, analia. Mtu wa pombe aliyelazwa Jumamosi, Jumatatu anaona nyoka ukutani. Mwenye kupima sukari kwanza na kuangalia oksijeni kabla ya kuita mgonjwa msumbufu, huyo paneli inamkalia wima.

Na jiandae na swali la pili, maana hilo la kwanza ni mlango tu. La pili huwa "na kama angekataa kabisa?" Hapo tunataka kusikia kwamba mtu mzima mwenye akili zake ana haki ya kukataa hata kama atakufa, lakini kwanza umehakikisha akili zake ziko: anaelewa unachomwambia, anaweza kukikumbuka, anaweza kukipima faida na hasara, anaweza kukuambia ameamua nini. Urea ikiwa juu hiyo yote inaweza kuwa imeyumba leo na wiki ijayo imerudi, kwa hivyo unapima tena, humwekei mtu muhuri wa mwaka mzima kwa sababu ya siku moja.

Sasa nikuulize. Alikuwa anakuja mara 2 kwa nini?

Daktari_Mchovu

Asante sana mkuu, hili la kuangalia ugonjwa kwanza nilikuwa nalijua ila kulisema nisingekumbuka. Sababu ilikuwa mambo ya kifamilia tu, usafiri na nini. Sidhani kama ina uzito wa kuieleza kwenye dakika 2.

SistaZamuYaUsiku

Daktari samahani naingilia. Mimi ni nesi, mwaka wa 11 huu kwenye mashine, mikoa miwili tofauti.

Nimesoma kisa chako mara mbili namtafuta nesi simuoni. Yupo sehemu moja tu, "anagombana na manesi". Baada ya hapo mgonjwa anabadilika kwa sababu daktari alikaa naye akamweleza kwa upole. Daktari, kitengo cha kusafisha damu nakijua. Daktari anakaa na mgonjwa dakika ngapi? Unapita, unaangalia chati, presha, uzito, unabadilisha dozi ya dawa ya damu, unaenda kwa mwingine. Masaa 4 yale anakaa nani? Na hiyo "usafiri na nini" aliyeambiwa ni nani?

Nakuuliza kwa heshima kabisa, ulijuaje sababu?

Na kitu kingine, umemwaga humu umri wake na potasiamu yake. Mtu wa kitengo chenu akisoma hapa si anamjua moja kwa moja?

mzee_wa_kejeli

Sista kashika koo.

Daktari_Mchovu

Umri nilishaubadilisha tangu mwanzo sista, na namba siyo zilezile, hapo uwe na amani.

Kwa hilo lingine umenibana, ngoja niseme ilivyokuwa maana nikikaa nalo nitaenda nalo hivyohivyo Alhamisi. Ile potasiamu haikuja kabla ya mimi kuongea naye, ilikuja baada ya mimi kuropoka. Ilikuwa Jumatano, mzee kaja saa 3 asubuhi wakati zamu yake inaanza saa 1, mashine imekaa bure masaa mawili na kuna mtu wodini anaisubiri. Nikamkuta kwenye mzani anabishana na nesi, kagoma kuvua koti. Mimi usiku ule nilikuwa nimelala masaa 3. Nikamwambia mbele za watu, wenzake kwenye viti wote wananisikia, "Mzee, hii mashine ina foleni."

Akaniangalia. Ana mfuko wa rambo huwa anakuja nao, ndani kuna blanketi na redio ndogo ile ya betri. Akauchukua, akasema, "Basi mpe mwenye foleni." Akatoka. Sikumfuata.

Ijumaa hakuja. Jumatatu akaletwa na bajaji, anahema, miguu imejaa hadi mapajani, tunapima ECG, kipimo cha umeme wa moyo, mawimbi ya T yamechongoka kama misumari, ndiyo dalili ya potasiamu kupanda. Tukampa kalsiamu ya kulinda moyo, insulini na glukosi, akaingia mashine ya dharura, akavuka. Na mimi hapo bado namhesabia yeye ndiye mwenye kosa.

Aliyejua sababu ni sista mmoja wetu aliyekuwa kwenye kiti chake siku ile. Hakumuuliza kwa nini haji. Alimuuliza, "Mzee ukitoka hapa huwa unaelekea wapi?" Kumbe akimaliza mashine ya asubuhi saa 5 kichwa kinazunguka, hawezi kupanda daladala peke yake, na binti yake anayemchukua anauza chakula, hafungi mpaka saa 9 alasiri. Kwa hiyo mzee anakaa kwenye benchi nje masaa manne. Siku moja alianguka palepale, watu wakampita wakidhani kalewa. Ndiyo maana akawa anachelewa makusudi, na siku ambazo binti hawezi kabisa haji. Mzani alikuwa anaukimbia kwa sababu kila akipanda unaonyesha amekunywa maji na kila ukionyesha anasemwa mbele za watu.

Sista akamhamishia zamu ya mchana, anaanza saa 6 anamaliza saa 10, binti anakuja moja kwa moja. Basi. Mchango wangu ulikuwa kusaini karatasi.

Niliomba radhi wiki iliyofuata. Nikaenda nikamwamkia shikamoo mzee, akaitikia marahaba, akageukia ukutani. Sasa kweli hii naweza kuisema mbele ya maprofesa?

KitiChaPaneli

Daktari, hiyo ndiyo stori. Hiyo ya kwanza tupa.

ChumbaChaDharura

Naungana na Kiti ila nataka kuongeza upande mwingine maana naona mnaelekea kwamba kila mgonjwa mgumu ana siri ya huzuni nyuma yake. Mimi nafanya kazi mapokezi ya dharura, kuna usiku ndugu wa mgonjwa wamevunja kioo cha mlango na mmoja kashika stendi ya dripu kama rungu. Hapo huulizi "mkitoka hapa mnaelekea wapi". Paneli nyingine watakuuliza hasa hilo, mtu anayetishia, na wakisikia unaanza habari za kusikiliza kwa huruma wanajua hujawahi kukaa zamu ya usiku. Unasema hivi: nahakikisha mimi na wenzangu tupo salama, nasimama upande wa mlango na wala simzibii yeye njia ya kutoka, natoa stetoskopu shingoni, siendi peke yangu, walinzi wanaitwa mapema si baada ya ngumi ya kwanza, sauti naishusha, naongea na yule ndugu mmoja aliyetulia. Halafu inaandikwa kwenye faili maneno aliyoyasema, si "alikuwa mkorofi".

Hilo la faili lina maana. Neno ukishaliandika kwenye faili linatembea. Mgonjwa anahamia wodi nyingine lile neno limeshamtangulia, anaanza kuhudumiwa kikorofi kabla hajafungua mdomo.

Kuhusu kosa lako la kuropoka, lisikutishe. Mimi 2011 nilikuwa intern, ule mwaka wa kikombe cha dawa ya Babu wa Loliondo, mnakumbuka watu walivyofunga safari kwenda Samunge kunywa kikombe cha shilingi 500. Nilikuwa na mama mmoja wa kisukari, karudi ananiambia ameacha insulini, amepona. Nikamcheka, tena na mwenzangu tukamwita jina. Hakubishana, aliaga vizuri tu. Miezi miwili baadaye kaletwa hajitambui, na ndugu walisema alikuwa amekataa kabisa kurudi hospitali "kwa yule kijana". Nimeisimulia hiyo kwenye usaili mara 2, mara zote mbili nilipata. Siyo kwa sababu inasikitisha, ni kwa sababu waliponiuliza sasa hivi mgonjwa akija amekunywa dawa ya kienyeji unafanya nini nilikuwa na jibu la kueleweka: namuuliza ni dawa gani, anakunywa kiasi gani, imemsaidia nini, namwomba aniletee hata mzizi wake niuone, na namwambia hii yetu tuendelee nayo sambamba wakati tunapima. Kwa watu wa figo hili mtalikuta kila siku maana baadhi ya hizo dawa zinaua figo, ukimkejeli hatakutajia tena.

Nyongeza: msikariri zile fomula. STAR sijui hali, jukumu, ulichofanya, matokeo, nzuri kwa kupanga mawazo nyumbani ukiwa na karatasi, ila ukiisoma kwa sauti mbele ya watu unakuwa kama spika ya gari la matangazo. Na SPIKES ni ya kutoa habari mbaya, nimeona mtu anaibandika kwenye swali la mgonjwa mgumu, haihusiani.

BintiWaMgonjwa

Mimi si daktari wala nesi, mama yangu yupo kwenye mashine mwaka wa 3 sasa. Nimepita tu hapa nikaona neno msumbufu nikasimama.

Mnajua pale kwenye kile kiti kuna baridi? Damu inatoka nje inazunguka inarudi, mtu anatetemeka, halafu AC imewekwa kwa ajili ya mashine. Miguu inakaza misuli saa ya tatu hiyo, mama analia kama mtoto, na saa hiyohiyo ndiyo anaita sista, anaita mara ya pili, mara ya tatu. Nishasikia kwa masikio yangu "huyu mama naye". Maji tu, mnamwambia asinywe, Dar hii, mwezi wa 2. Anamumunya kipande cha barafu nusu saa anakihesabia. Mimi nikiwa ndugu nikauliza swali mara mbili nami naonekana mkorofi.

Sijaja kugombana. Daktari umesema ukweli wako hapo juu na nimekuheshimu. Ila usiende kuwaambia hao wa Nairobi kwamba mgonjwa "alikubali". Hakuna anayeikubali ile kitu, mtu anaivumilia.

Daktari_Mchovu

Dada yangu nimekusoma. Pole kwa mama.

Mbaharia_wa_Minnesota

Nipo Marekani, nimemaliza ya kwangu, ya mapafu. Huku tangu msimu wa 2020 ule wa Korona intavyuu nyingi ziliingia kwenye video na wengi hawajarudi nyuma, kwa hiyo nimeshazifanya za kutosha. Mambo mawili ya kijinga ila yanaangusha watu: kwanza karatasi za kukumbushia ulizobandika nyuma ya kompyuta, macho yako yanaonekana yanasoma, toa zote. Pili uwe na simu pembeni yenye bando la mtandao mwingine na namba ya sekretari wao, umeme ukikatika unapiga ndani ya dakika moja unasema samahani, hakuna atakayekulaumu. Ukipotea dakika 20 ndiyo wanaanza kuongea.

Kwangu mimi kisa nilichotumia kilikuwa cha bibi mmoja aliyeniangalia nilipoingia akasema anataka daktari anayeongea Kiingereza. Nilikuwa nimemsalimia kwa Kiingereza. Waliniuliza ulijisikiaje na nikasema niliumia, nikatoka nikaenda kunywa maji, nikarudi. Nilimwuliza anaogopa nini hasa, akasema anaogopa ataelezwa kitu kuhusu oksijeni asikielewe na anaishi peke yake. Tukakubaliana nitamwandikia kwa herufi kubwa kwenye karatasi na nesi atamsomea akishaondoka. Bosi wangu nilimwambia siku hiyohiyo, sikukaa nalo kama shujaa. Na wakaniuliza je angekuwa anakutukana rangi yako kila siku? Nikasema kama si dharura kuna mpaka, namwambia kwa utulivu maneno hayo hatuyakubali hapa, na uongozi unaingia. Ukionekana unaweza kumezeshwa kila kitu nao hawapendi, wanajiuliza huyu atadumu mwaka wa kwanza?

Kuna bosi alinipa kusoma makala ya James Groves, daktari wa magonjwa ya akili, ya 1978 kwenye New England Journal of Medicine, kawagawa wagonjwa wanaochukiwa na madaktari mafungu manne: anayeng'ang'ania, anayedai kwa vitisho, anayekataa kila msaada unaompa, na anayejiangamiza mwenyewe huku anakana. Kilichonisaidia humo si mafungu, ni kwamba ile hasira unayoisikia wewe ni dalili kama dalili nyingine, inakuambia kitu kuhusu kinachoendelea. Msome, ila ukiwa kwenye usaili usiwapange watu kwenye mafungu kama nyanya.

Sasa kuhusu Kiingereza. Mzee wako alisusa. Najua utakaa usiku unatafuta hilo neno kwa Kiingereza na halipo. Ukisema alikataa matibabu umemfanya mkaidi, ukisema alikasirika umemfanya mtoto. Anayesusa bado anakitaka kile kitu, anangoja kuitwa. Wewe hukumwita. Usitafute neno, simulia alichofanya tu, alichukua mfuko wake akasema mpe mwenye foleni akatoka, na mimi sikumfuata. Kiingereza cha darasa la saba kinatosha hapo.

SistaZamuYaUsiku

Hilo la kususa limenigusa. Wanaume wazee wengi kwenye mashine ndivyo walivyo, hagombi, anabeba mfuko. Ukimfuata mpaka mlangoni ukamwambia mzee rudi bwana, anarudi huku ananung'unika. Dakika mbili tu.

KitiChaPaneli

Daktari kabla ulale, kuna swali lingine halihusu hii lakini litakuja: kwa nini Nairobi? Usijibu kwamba ni karibu na nyumbani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivyogawana vituo vya umahiri figo na mkojo ilikuja Kenya, moyo ikaenda kwenu Tanzania kule MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, saratani Uganda. Na sema unarudi kufanya nini. Upandikizaji wa figo kwenu umeanza Muhimbili Novemba 2017 na Dodoma pale Benjamin Mkapa 2018, kwa hivyo si ati unarudi kungoja mashine zije, kuna timu zinakungoja.

Na hiyo stori ukiisema, ya wewe kuomba msamaha na yeye kugeukia ukuta usiikate. Wengi watakuja na stori ambazo mgonjwa mwishowe analeta kuku. Wewe wacha ageukie ukuta.

Daktari_Mchovu

Nimeandika upya, fupi. Nasomea kwa mke wangu, yeye ni mwalimu, kaniambia naongea kama natoa ushahidi mahakamani. Nitaendelea kufanya mazoezi. Sista, wewe nimekuweka. Yaani si wewe, yule wetu. "Nesi mwenzangu ndiye aliyeuliza swali ambalo nilipaswa kuuliza mimi." Sawa?

SistaZamuYaUsiku

Sawa. Toa "mwenzangu" kama hujawahi kunywa naye chai.

Daktari_Mchovu

Wakuu mrejesho. Nimetoka sasa hivi, shati limelowa mgongo mzima.

Swali halikuja vile. Walianza na figo, nikaenda vizuri, kwa nini Nairobi nikajibu kama Kiti alivyosema, halafu mwenyekiti akauliza kuna mgonjwa gani ambaye bado unamfikiria. Nikasimama sekunde kadhaa pale, bando nalo likaganda kidogo wakadhani nimekatika. Nikamsimulia mzee. Nilianza na mimi kwenye mzani, nimelala masaa 3, nikasema maneno yangu yalivyokuwa, ya foleni. Nilipofika kwenye mfuko wa rambo mmoja akanikatiza akauliza hiyo ilikuwa hospitali gani, nikasema naomba nisiitaje, akatikisa kichwa akaandika kitu, sijui kizuri sijui kibaya. Wakauliza kama angekataa mashine kabisa, hapo nilikuwa nimejipanga, nikaeleza kupima akili zake leo na kurudia baada ya urea kushuka. Mmoja akauliza mmebadilisha nini kwenye kitengo baada ya hapo au mlimhamisha yeye tu, nikakiri tulimhamisha yeye tu. Hilo sikuwa nimeliwaza hata siku moja. Kuna wengine wangapi wamekaa kwenye lile benchi?

Mwisho kabisa mama mmoja aliyekuwa kimya muda wote, kamera yake ilikuwa inaonyesha nusu ya uso, akauliza, "Anaendeleaje sasa?" Nikafungua mdomo nikagundua sijui. Yeye yupo mchana mimi naondoka saa 5, ni wiki ya tatu sijamwona. Nikawaambia hivyo, sijui. Wakasema asante tutawasiliana.

ChumbaChaDharura

Umefanya vizuri. Majibu wiki ngapi?

Daktari_Mchovu

Wiki 3 wamesema.

SistaZamuYaUsiku

Kesho Ijumaa. Zamu ya mchana inaanza saa 6.

mzee_wa_kejeli

Ukienda mbebee betri za redio. Zile kubwa, usimletee za saa ya ukutani.